Filta ya nyumba nzima au filta ya jikoni? Anza na tanki lako

Kijana alikuja na mkoba mweusi, akaamkia vizuri, "Shikamoo mama," akaomba glasi mbili. Moja akaijaza maji ya bomba letu, nyingine akaijaza maji aliyokuja nayo kwenye chupa yake, yaliyopita kwenye mtambo anaouuza. Kisha akatoa kidude chenye fito za chuma, akakitumbukiza kwenye glasi zote mbili, akachomeka kwenye umeme. Dakika haikwisha. Glasi ya maji yetu ikaanza kutoa povu la kijanikijani, likageuka kahawia, mwishowe ikawa tope tupu kama maji ya mfereji. Yake yakabaki meupe pee.

"Haya ndiyo mnayokunywa, mama."

Mama akashika kifua. Dada yangu, ambaye hamwamini mtu yeyote anayevaa tai saa nane mchana Dar es Salaam, akaenda kwenye friji akaleta maji ya chupa ya dukani. "Hebu jaribu na haya." Kijana akasita kidogo, akajaribu. Kahawia. Dada akachota chumvi kwa ncha ya kijiko, akaidondosha kwenye ile glasi nyeupe ya kijana. Nayo kahawia.

Uchafu ule haukuwa ndani ya maji. Ulitoka kwenye fito. Maji yenye madini hupitisha umeme, umeme unakula chuma, kutu inajaa glasi. Maji yaliyoondolewa madini hayapitishi umeme vizuri, kwa hiyo chuma hakiliwi na glasi inabaki nyeupe. Kipimo hicho hakiwezi kukuambia kama kuna kijidudu cha kipindupindu humo, wala kama hakuna. Ukikutana nacho, weka chumvi.

Kijana aliondoka, lakini swali lake halikuondoka naye. Maji yetu yana kasoro kweli: yakija baada ya mgao huwa na tope, ya kisima yana chumvi, na shawa zinaziba. Alikuwa anatuuzia mtambo wa kuchuja maji ya nyumba nzima. Jirani anayo filta ndogo chini ya sinki, anaisifu kila siku. Nikaanza kulinganisha.

Lita ngapi, na za kazi gani

Tuko sita nyumbani. Maji ya kunywa, ya chai na ya kupikia hayazidi lita 25 kwa siku, hata Jumapili yenye wageni. Maji yote, pamoja na kuoga, kufua, kudeki na choo, ni kama lita 600. Nimesoma mita asubuhi na asubuhi wiki nzima. Maana yake, katika kila lita 24 moja ndiyo inayoingia mdomoni. Nyingine 23 zinaishia kwenye karo.

Filta ya nyumba nzima hukaa pale bomba kuu linapoingia, ikagusa lita zote 600. Filta ya jikoni inagusa zile 25. Ukishika hesabu hiyo, mengine mengi yanajieleza: kwa nini moja ina makopo makubwa kama mitungi ya gesi na nyingine inaingia kabatini, na kwa nini moja inaweza kuchuja kwa undani sana ilhali nyingine, kwa pesa ya mtu wa kawaida, haiwezi.

Ya nyumba nzima inakupa nini hasa

Nianze na faida zake, maana wengi wanaoiponda hawajawahi kubadilisha koki tatu kwa mwaka. Mchanga na tope laini ndivyo vinavyoua vitu vya maji ndani ya nyumba: mpira wa koki unakatika, chujio dogo la mashine ya kufulia linaziba, matundu ya shawa yanabaki manne yanayofanya kazi, na moja kati ya hayo linakupiga jichoni. Pampu nayo inasagika. Filta ya tope, yaani katriji (kichujio cha ndani kinachobadilishwa) ya mikroni 20 ikifuatiwa na ya mikroni 5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), inamaliza sehemu kubwa ya shida hiyo, na katika mitambo yote ya nyumba nzima hiyo ndiyo rahisi kuliko zote.

Kisima chenye madini ya chuma ni sababu nyingine nzito. Maji yanatoka kisimani meupe, yakikaa kwenye beseni yanageuka rangi ya chai, na shati la shule linapata madoa yasiyotoka kwa dawa yoyote ya kufulia. Kinachohitajika hapo ni kuyapigisha maji hewa ili chuma kigande, kisha kuyapitisha kwenye tanki lenye mchanga maalumu. Filta ya jikoni haikusaidii kitu hapo, maana nguo hazifuliwi jikoni.

Faida ya tatu ni watoto. Mtoto akipiga mswaki anasukutua kwa maji ya bomba la bafuni na nusu ya hayo anameza, hata umwambie vipi. Nyumba yenye bomba moja tu salama inategemea nidhamu ya kila aliyemo, na mgeni wako hajui bomba lipi ni lipi.

Presha: jambo ambalo muuzaji hakulitaja

Nyumba nyingi za kwetu hazipati maji moja kwa moja kutoka bomba la mtaani. Maji yanaingia kwenye tanki la chini siku yanapotoka, pampu inapandisha kwenye tanki la juu, halafu yanashuka yenyewe. Tanki likiwa juu mita 10 unapata presha ya bar 1. Mnara wetu ni wa mita 4. Kwa hiyo bafuni tunapata chini ya nusu bar, na tumezoea.

Sasa pachika makopo matatu ya filta kwenye bomba hilo. Kila kopo linakula presha kidogo likiwa jipya, na linakula zaidi kadiri linavyojaa tope. Baada ya miezi miwili shawa inadondosha kama inalia, na zile hita zinazochemsha maji papo hapo zinagoma kuwaka kabisa, kwa sababu ndani yake kuna swichi inayosubiri msukumo wa maji. Unalazimika kununua pampu ya kuongeza presha, na pampu hiyo inataka umeme kila mtu anapofungua koki. Umeme ukikatika, nyumba iliyokuwa ikipata maji ya mserereko sasa haipati chochote, labda fundi awe amekuwekea njia ya pembeni yenye valvu. Dai njia hiyo ya pembeni kabla hujalipa hata shilingi. Ni vipande vya bomba na koki tatu tu.

Filta ya tope peke yake inaweza kuwekwa mahali pasipodhuru presha ya bafuni: kati ya pampu na tanki la juu. Pampu ina nguvu ya kusukuma, tanki linapokea maji safi, na mserereko unabaki kama ulivyokuwa. Fundi wetu ndiye aliyenionyesha hili, kwa kuchora kwa mkaa ukutani. Mchoro bado upo.

Kosa tulilofanya na klorini

Kabla ya huyo fundi alikuwepo mwingine, na alituwekea filta ya kaboni, yaani mkaa maalumu wa kuchujia, pale maji yanapoingia, kabla ya tanki la chini. Kaboni ni nzuri: inaondoa harufu ya dawa, ladha inakuwa tamu, chai inakuwa chai. Tulifurahi kama wiki tatu. Kisha nikapitisha kidole ndani ya ukuta wa tanki, kikarudi na utelezi. Mfuniko nao ulikuwa na ukungu upande wa ndani.

Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yanayotufikia kutoka mitambo ya Ruvu yanatiwa klorini, dawa ya kuua vijidudu, na sehemu ya klorini huachwa makusudi isafiri na maji ili iyalinde njiani. Shirika la Afya Duniani linataka ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita maji yanapomfikia mtumiaji. Sisi tulikuwa tunaichuja klorini mlangoni, kisha tunayalaza maji siku nne kwenye tanki la joto bila mlinzi. Nchi ambako maji hutoka saa 24 na hayakai kwenye tanki, kosa hili halionekani sana. Kwetu, maji yanalala. Kaboni ikae baada ya tanki, na afadhali zaidi ikae jikoni tu, ili klorini iendelee kulinda mabomba yote mengine.

Taa ya mionzi ya urujuanimno (UV) inayouzwa pamoja na mitambo hii ina udhaifu kama huohuo. Inaua vijidudu vinavyopita mbele yake, lakini haiachi kinga yoyote mbele ya safari, inataka maji maangavu, maana kijidudu hujificha nyuma ya chembe ya tope, inataka umeme, na taa yenyewe hubadilishwa takriban kila mwaka hata kama bado inawaka, kwa sababu nguvu yake inafifia kabla ya mwanga wake.

Neno moja, magonjwa mawili

Pwani nzima tunasema "maji ya chumvi" na tunaelewana, lakini dukani neno hilo linakugharimu. Kuna maji yanayokataa povu la sabuni na kuacha magamba meupe kwenye birika: hayo ni maji magumu, yana madini ya kalisi na magnesi. Na kuna maji yanayoleta ladha ya bahari mdomoni: hayo yana chumvi yenyewe. Visima vingi vya ukanda wetu vina yote mawili, ndiyo maana tukayapa jina moja.

Mashine ya kulainisha maji inatibu ugumu tu. Inatoa kalisi na magnesi na kuweka sodiamu mahali pake. Sabuni itatoa povu, hita itadumu, ngozi itafurahi, lakini chumvi uliyoionja asubuhi utaionja na jioni. Nimeona watu wawili mtaani kwetu wamenunua mashine hiyo wakitarajia maji matamu. Wote wawili wanaendelea kununua maji ya boza.

Chumvi hutolewa na utando: maji yanasukumwa kwa nguvu kwenye utando wenye vitundu vidogo mno, chumvi na madini mengi yanabaki nyuma, na yaliyobaki nyuma yanamwagwa. Hapo ndipo mfumo wa nyumba nzima na wa jikoni unapotengana kabisa. Mashine ndogo ya chini ya sinki kwa kawaida humwaga kama lita 3 ili kukupa lita 1. Kwa lita 12 za kunywa kwa siku, inamwaga 36, yaani kama uniti moja ya maji (lita 1,000) kwa mwezi. Unaweza kuikinga kwenye ndoo, ukadekia au ukamwagia chooni. Sasa fanya hivyo kwa lita 600. Hata mtambo mzuri unaomwaga lita moja kwa kila lita moja utakumwagia uniti 18 kwa mwezi za maji yenye chumvi maradufu, ambayo huwezi kumwagilia mchicha. Karo linajaa, pampu inanguruma mchana kutwa, nawe unaogea maji ya kiwango cha kiwandani. Kwa hoteli ya ufukweni yenye kisima tu, sawa. Kwa familia, mimi sioni.

Kipimo kidogo cha mkononi, umbo la kalamu, kitakuambia madini yaliyoyeyuka ni miligramu ngapi kwa lita. Kinatumia umeme vilevile kama fito za yule kijana, ila hiki hakikudanganyi. Chini ya 600 wengi huona maji yana ladha nzuri. Yakivuka 1,000 mtu anaanza kuyakataa. Kumbuka tu kwamba kalamu hiyo haioni vijidudu.

Jikoni nako kuna daraja

Wanaosema "mimi nachemsha, inatosha" wana haki kubwa kuliko wauzaji wanavyotaka kukubali. Kuchemsha mpaka maji yatokote kunaua bakteria, virusi na vimelea, bila katriji wala fundi. Gharama imejificha kwenye gesi. Kupandisha lita 12 kutoka joto la kawaida hadi kutokota, ukikadiria kwamba jiko linapoteza nusu ya moto, ni kama gramu 160 za gesi kwa siku. Kwa mwezi ni karibu kilo 5: mtungi mdogo wa kilo 6 unakaribia kuisha kwa maji ya kunywa tu. Weka pesa hiyo kando ya bei ya filta, utajua itajilipa baada ya miezi mingapi.

Ndoo mbili zenye mishumaa ya kauri ni ndugu wa zamani asiyetaka umeme wala presha. Inakamata bakteria na vimelea. Virusi ni vidogo mno kwake, na chumvi inapita bila hodi. Kwa maji ya bomba yenye klorini lakini yenye tope, inatosha vizuri, mradi mshumaa usuguliwe na usiwe na ufa. Mashine ya utando inakwenda mbali kuliko zote, ila inataka presha ya karibu bar 3, kwa hiyo kwetu itakuja na kipampu chake na waya wake wa umeme, pamoja na kitanki cha akiba kitakachokuvusha umeme ukikatika.

Kuna mahali ambapo jikoni ndiko penye jibu la pekee. Binamu yangu anaishi Usa River, upande wa Mlima Meru, ambako miamba ya volkano inaingiza madini mengi ya floridi majini. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na maeneo mengi ya huko yanakipita mbali. Meno ya kahawia ya watoto yanakwambia kabla ya maabara. Kuchemsha kunaongeza tatizo, kwani mvuke unaondoka na floridi inabaki. Filta ya tope, kaboni ya kawaida na taa haziigusi. Lakini floridi inaingia kwa kumezwa. Kuoga kwa maji hayo hakuna neno. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Ngurdoto kiliendeleza machujio ya mkaa wa mifupa kwa matumizi ya kaya, na Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, aliyeshinda tuzo ya kwanza ya ubunifu wa uhandisi Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015, alibuni filta inayolengwa kwa uchafu wa eneo husika. Binamu yangu ana utando chini ya sinki. Nikamwuliza kama anaweka magadi kwenye makande. "Bila magadi makande yanaiva lini?" akaniuliza. Magadi nayo yana floridi.

Mimi ningechagua hivi

Kama umepanga, usihangaike na nyumba nzima. Mwenye nyumba hatakurudishia pesa, na mtambo ukiungwa kwenye bomba kuu ni wake. Filta ya jikoni unaifungua, unaiweka kwenye ndoo, unahama nayo.

Kama nyumba ni yako na maji ni ya bomba, weka filta ya tope kati ya pampu na tanki la juu, acha klorini ifanye kazi yake, kisha jikoni weka kaboni na kauri, au endelea kuchemsha. Mashine ya utando kwa maji ya bomba yenye madini ya kawaida ni anasa.

Kama kisima ndicho kila kitu chako, peleka sampuli kwenye maabara ya ubora wa maji kabla ya kumsikiliza muuzaji yeyote. Wizara ya Maji inazo maabara mikoani. Uliza chuma, ugumu, chumvi, nitrati, floridi na vijidudu vya kinyesi. Ikiwa tatizo ni chuma au ugumu, hapo kweli mtambo wa nyumba nzima una kazi, na ningeulipia bila kinyongo. Ikiwa ni chumvi, utando jikoni, na nyumba iliyobaki iogee ilivyozoea. Hata shawa za umeme za maji ya chumvi zinauzwa. Vijidudu vikionekana, tafuta kwanza karo la nani liko karibu na kisima chako.

Dukani, geuza boksi utafute namba ya kiwango. Namba za NSF/ANSI ni viwango vya Marekani: 42 inahusu ladha, harufu, klorini na chembe za tope, si afya, na ndiyo iliyo kwenye filta nyingi zinazotangazwa kwa afya. 53 ndiyo ya vitu vinavyodhuru afya, na lazima iandikwe ni vitu gani. 58 ni ya mashine za utando. Kisha uliza bei ya katriji kabla ya bei ya mashine, na uulize kama katriji hiyo inapatikana kwa maduka mengine. Jirani yangu anayesifu filta yake anaagiza katriji kwa mtu mmoja tu mjini, na mtu huyo akisafiri jirani anachemsha.

Sisi tuliishia na makopo mawili ya tope karibu na pampu na mashine ndogo ya utando jikoni, kwa sababu wakati wa mgao tunachanganya maji ya kisima. Dada ameandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila kopo tarehe ya kubadilisha katriji. Ya mwisho tuliyotoa ilikuwa imeingia nyeupe kama pamba. Ilitoka na rangi ya udongo wa Ruvu, na uzito kama wa muhogo. Mama aliishika, akaigeuza, akauliza kama yule kijana wa mkoba bado anapita mtaani, ampe aiweke kwenye glasi.